Bibi Domitila na Nchi ya Shingo Nzito

Atakaye hadithi na akae chini. Mwenye haraka, njia ile pale, aende salama.

Palikuwa na mwanamke wa upande wa migombani, mjane, jina lake Domitila. Mungu alikuwa amempa mikono ya kazi, miguu ya kutembea, na ulimi. Mikono ilianza kuchoka, miguu nayo ikaanza kulalamika, lakini ulimi haukuwahi kuumwa hata mafua. Kwao walisema ulimi wa Domitila humenya ndizi bila kisu. Wanawake wakigombana kisimani, aliyeshindwa alikwenda kwake kuomba jibu la kesho yake, naye alipewa, tena bure. Katika mabishano yoyote neno la mwisho lilikuwa lake, awe anabishana na mwenyekiti wa kijiji, awe anabishana na jogoo.

Ulimi huo ndio uliomfukuzia mkamwana. Renalda, mke wa mwanawe Fulgensi, naye hakuwa bubu. Likaja neno, likapata jibu, jibu likapata jibu lake, mpaka siku moja Fulgensi akafunga mizigo, wakahamia mbali, ng'ambo ya nchi ya Kidari. Miaka ikapita bila mtu kubisha hodi kwa mwenzake. Kisha mtoto akazaliwa, wa kike, na ujumbe wa Renalda ukaja kwa kinywa cha mpita njia: mtoto atabatizwa asubuhi ya Pasaka, mama anakaribishwa, ila ulimi wake auache nyumbani.

Domitila aliposikia hivyo, jibu lilimjia papo hapo, jibu zuri kabisa, lenye mkia. Hakulituma. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu.

Alipokwisha kupakwa majivu alibaki amepiga magoti akifikiri, mwaka huu aache nini. Nyama aliiona harusini tu. Pombe hakunywa. Sukari ilikuwa inamwacha yeye kabla yeye hajaiacha. Alichokuwa nacho kwa wingi, cha kumtolea Mungu bila kuona haya, ni neno la mwisho. Basi akaweka nadhiri kwamba Kwaresima yote hatajibizana na mtu. Atakayemwambia vibaya atamwachia neno lake. Na jambo hilo alimwambia Mungu peke yake. Alijijua. Akimwambia mtu mmoja tu kwamba ameamua kunyamaza, kunyamaza kwenyewe kutageuka jibu, tena kali kuliko yote aliyowahi kutoa.

Akatafuta kibuyu kidogo cha maji, akakitundika kiunoni. Ulimi ukimwasha, hupiga funda, hulishikilia mdomoni mpaka neno lipoe, kisha humeza vyote viwili. Akanawa uso, akajipaka mafuta kichwani mpaka usoni kama alivyosikia ikisomwa kanisani siku ile, akaondoka kwenda kumwona mjukuu.

Alivyofika Kidari tusiulizane. Bibi anayekwenda kwa mjukuu haongozwi na ramani.

Nchi ya Kidari ni nchi ya watu wema, na kila mtu huko atakueleza wema wake kabla hujakaa. Nao hufunga Kwaresima, tena kwa ukali. Ila wana desturi yao, ambayo wazee wao waliifanya sheria: kitu ulichojinyima sharti ukivae shingoni, watu wakione. Aliyeacha nyama hutundika mbavu za mbuzi. Aliyeacha sukari huvaa mfuko wa sukari, na siafu wanampanda mpaka masikioni. Aliyeacha pombe hubeba mtungi unaotikisika kila hatua, akapita njia nzima akinusa alichokiacha. Domitila alimwona bwana mmoja aliyeacha kulala mchana, amejitwika godoro. Alimwona na mwingine aliyeacha hasira, amevaa fimbo. Na asiyeisifu ile fimbo alichapwa nayo.

Salamu yao ni kuulizana, "Umeacha nini?" Mmoja akisema ameacha nyama, wa pili hana budi kusema ameacha nyama na mchuzi wake, wa tatu aseme ameacha hata kupita karibu na bucha. Hivyo salamu za asubuhi huchukua muda mrefu, na mashamba yao yana magugu.

Kunawa uso ni marufuku mpaka Pasaka, majivu yasije yakafutika. Katika njia panda pamewekwa vioo ili mtu ajitazame kama amekonda vya kutosha. Bungeni kwao walikuwa wamegawanyika kuhusu usingizi: je, saa ambazo mtu amelala bila kula zihesabiwe kuwa mfungo, au aamshwe kwanza ili ajinyime akiwa macho? Mjadala ulikuwa umeanza enzi za babu zao, na kila upande ulikuwa umechoka sana kwa kukosa usingizi.

Na maskini je, asiye na nyama ya kuacha? Huyo huazima mfupa kwa jirani. Njaa aliyoizoea mwaka mzima haihesabiwi, kwa kuwa hakuichagua. Mtu akibisha hodi kuomba chakula, huambiwa kwa upole, "Tumefunga." Kisha nyama zile hukaa shingoni mpaka zinaoza, zikazikwa kwa nyimbo.

Domitila aliyaona hayo yote. Kibuyu chake kilikuwa kikijazwa mara kwa mara.

Alipata malazi kwa mwanamke mmoja aitwaye Sihaba, mama wa watoto wadogo, aliyekuwa amevaa mfupa wa kuazima, mkavu hata mbwa hawakuujali. Walikula mboga za majani bila mafuta, mgeni akapewa sehemu kubwa. Mama mkwe wa Sihaba, kikongwe aliyeketi kwenye kona, alimtazama Domitila kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema kwamba ameona wageni wengi, lakini mgeni mwenye uso unaong'aa kwa mafuta siku za toba, huyo ni mara ya kwanza, labda kwao hufunga kwa kukaangwa.

Domitila akafungua mdomo. Sihaba akamwona. Akaona mdomo ukifunguka, macho yakiwaka kama makaa yaliyopulizwa, kisha mkono ukashuka kiunoni, kibuyu kikapanda, na mgeni akakaa kimya mashavu yamevimba. Baadaye akameza, akasema kwa upole, "Mboga tamu, mama. Mungu awazidishie."

Kikongwe alikaa akingoja jibu. Lilipokosa kuja, alijongea akampisha mgeni kwenye mkeka. Sihaba alikitazama kile kibuyu.

Sasa lango la kutokea Kidari, upande wa kwa Renalda, lilikuwa na Mkaguzi wa Shingo, jina lake Bwana Paji, mtu mrefu aliyejipaka majivu mpaka kwenye kope. Jumamosi Kuu asubuhi Domitila alifika kwake na Sihaba akimsindikiza, mtungi wa maji kichwani. Bwana Paji akamtazama shingoni, akaona ngozi tu. Akamzunguka kuangalia kisogoni. Akamuuliza ameacha nini.

"Hiyo ni siri yangu na Mungu wangu, baba," akasema Domitila.

Bwana Paji alikuwa hajapata kusikia jambo kama hilo. Akamweleza, bila ukali, kwamba mfungo usioonekana haupo, kama vile nyumba isiyoonekana haipo, na asiyefunga hapiti lango hilo kabla ya Pasaka kwisha. Arudi alikotoka, au ataje alichokiacha akivae. Domitila aliifikiria asubuhi ya kesho: maji yakimwagwa kwenye kichwa cha mtoto, na bibi hayupo, na Renalda akisema, nilijua. Angeweza kutaja. Neno moja tu, na lango lingefunguka. Lakini angelitaja, angefika kwa mkamwana akiwa amebeba kunyamaza kwake shingoni kama wale wenye mbavu za mbuzi.

Akanywa maji. Bwana Paji akampeleka barazani.

Baraza la Kidari hukaa uwanjani, juani. Hakimu wao aliitwa Mheshimiwa Majigambo, na yeye alikuwa ameacha kila kitu, kwa hiyo alivaa kila kitu: paja zima la mbuzi, mkungu wa ndizi, mfuko wa sukari, mtungi wa pombe, na mto wa kulalia. Watu wawili walimshika mikono ili asianguke kifudifudi. Sheria ya baraza lile ni moja, na watu wote huijua: shauri halifungwi mpaka mshitakiwa amjibu hakimu, na hakimu amjibu juu ya jibu lake. Neno la mwisho ni la hakimu, nalo ndilo hukumu. Lakini haliwezi kuwa la mwisho kama hakuna jingine lililolitangulia. Na kabla shauri halijafungwa, hakuna anayeruhusiwa kuinuka.

Hakimu akaanza. Akamwita Domitila mlafi wa siri. Akamwita mnafiki wa kinyume, anayeficha wema ili adhaniwe anao. Wazee wakaguna kwa kupendezwa. Hakimu akanyamaza, akangoja ajibiwe.

Domitila akapiga funda.

Hakimu akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaongeza kwamba miguu yake imekaa kama ya korongo mgonjwa. Akaongeza kwamba mtu mzima anayesafiri peke yake siku za Juma Kuu bila shaka hapendwi kwake, na huko aendako hakuna anayemngoja.

Hilo lilimchoma. Jibu likaja. Lilikuwa linahusu lile paja la mbuzi, na sura ya mwenye kulivaa, na ni yupi kati yao aliyechinjwa na ni yupi aliyesahauliwa kuchinjwa. Lilikuwa limeiva, limemenywa, limewekwa sahanini. Kwao migombani lingeimbwa mwaka mzima. Domitila akapiga funda, akalimeza, na watu waliokaa karibu walisikia koo lake likifanya kazi.

Akaitwa Sihaba atoe ushahidi. Bwana Paji akamuuliza aliona nini nyumbani kwake.

"Nimeona anakunywa maji," akasema Sihaba.

"Wakati gani?"

"Wakati wa kutukanwa."

Uwanja mzima ukacheka. Mzee mmoja mwenye mbavu akasema basi kesi imekwisha, afungaye hanywi maji. Mzee wa godoro akapinga, akasema maji si chakula. Wa tatu akauliza, na kama yana samaki? Wakaanza kubishana wao kwa wao, sauti zikapanda, yule wa fimbo akasema watulie maana yeye ameacha hasira, hawakutulia, akawachapa wote wawili. Shauri la Domitila likasahauliwa kwa muda mrefu, na jua likazidi kupanda.

Hakimu akamrudia Domitila akiwa na jasho. Mafuta ya paja la mbuzi yalikuwa yameanza kumchirizika tumboni, nzi wamekuja kwa ukoo wao wote, na siafu wa sukari walikuwa wamegundua ndizi. Akamtukana tena, ila sasa kwa kukatakata maneno. Hakujibiwa. Akambembeleza.

"Jibu basi, bibi. Hata tusi. Tusi moja dogo, nami nitakujibu, sote twende nyumbani."

Domitila akainua kibuyu. Kilikuwa kitupu.

Akakitikisa. Akakigeuza. Halikutoka hata tone. Na nyuma ya meno yake maneno yote aliyoyameza tangu Jumatano ya Majivu yalikuwa yamesimama kama mbuzi mlangoni mwa zizi alfajiri, yanasukumana. Akafumba macho. Midomo ikaanza kutetemeka. Watu wakasogea mbele, maana waliona kwamba sasa jibu linakuja.

Ndipo Sihaba alipoinuka. Haijapata kutokea shahidi kuinuka kabla shauri halijafungwa. Bwana Paji alimkemea, naye akapita mbele yake kama anayepita mbele ya mti, akaenda mpaka kwa mgeni, akamimina maji ya mtungi wake kwenye kibuyu mpaka kikafurika. Hakueleza. Alimtazama tu Domitila machoni, na Domitila akajua kwamba mwenzake ameelewa, na kwamba hatasema.

Domitila akainua kibuyu mdomoni. Kisha akakishusha bila kunywa.

Alikuwa amemwona hakimu. Mheshimiwa Majigambo alikuwa ameacha hata maji tangu alfajiri, kwa ajili ya sifa ya Jumamosi Kuu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, na macho yake hayakuwa yakimtazama mshitakiwa tena. Yalikuwa yakikitazama kibuyu, yakikifuata kinapokwenda. Wale wawili waliomshika mikono walikuwa wanayumba naye.

Akamwendea. Akainua kibuyu mpaka midomoni kwa yule mzee, akamshika kisogo kama ashikavyo mtoto mwenye homa, akamnywesha polepole. Maji yalipobaki kidogo alilowesha ncha ya kanga yake, akampangusa uso. Majivu yakatoka. Chini yake palikuwa na uso wa mtu wa kawaida tu, mtu mzima aliyechoka, ambaye labda na yeye ana mjukuu mahali.

Mzee wa mbavu akanong'ona kwamba hilo si neno. Mzee wa godoro akanong'ona kwamba kweli si neno, ila ni jibu. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe walikubaliana: ametukanwa, naye amejibu, sasa ni zamu ya hakimu.

Mheshimiwa Majigambo alivuta pumzi. Alikuwa na maneno mengi ya kazi yake, ya kulaani na ya kufukuza, akayatafuta, hakuliona hata moja. Likatoka lile lililokuwa karibu na maji.

"Asante, mama."

Alipokwisha kulisema ndipo alipokumbuka. Watu wote walikumbuka pamoja naye. Mshitakiwa amejibu, hakimu amejibu juu yake. Shauri limefungwa, na hukumu ya Baraza la Kidari katika shauri la mwanamke mwenye shingo tupu ni asante. Bwana Paji aliirudia kwa sauti kama sheria inavyomtaka, na sauti yake ilikwama katikati, maana maneno hayo hayakuwa yamewahi kupita kooni mwake.

Hakimu akawaambia wale wawili wamvue lile paja. Wakauliza waliweke wapi. Akatazama huku na huku, akamwona Sihaba na mfupa wake mkavu, akasema walipeleke kwenye chungu cha yule, lisije likazikwa bure. Mwenye ndizi akatazama ndizi zake. Mwenye sukari akaanza kujikung'uta siafu. Sitasema nchi nzima iligeuka siku ile, maana Wakidari wanapenda sana shingo zao. Lakini Sihaba aliuvua ule mfupa, akaurudisha kwa jirani, na hakuazima mwingine. Kikongwe wa kwenye kona, aliposimuliwa, alisema alijua tangu mwanzo.

Langoni Domitila alimpa Sihaba kile kibuyu. Sihaba akamuuliza, je, huko mbele hatakihitaji?

"Kesho Pasaka," akasema Domitila. "Kesho kinywa changu ni changu."

Akaenda.

Alifika kwa mwanawe asubuhi, kengele zikilia, Aleluya iliyokuwa imenyamaza Kwaresima yote inarudi makanisani kwa nguvu mpya. Watu walikuwa wamejaa uani na nguo za sikukuu, moshi wa pilau unapanda. Fulgensi alipomwona mama yake alisimama kama aliyepigwa ganzi, mkono kwenye sufuria. Renalda alikuwa kizingitini, mtoto mikononi, amevishwa nyeupe, tayari kupelekwa kanisani. Hakusogea. Alimtazama mama mkwe na vumbi lake, na miguu yake ya safari, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Umechelewa, mama. Kama kawaida yako. Naona na ulimi umekuja nao."

Waliomjua Domitila waliweka sahani chini. Fulgensi akafumba macho.

Na Kwaresima ilikuwa imekwisha. Nadhiri ilikuwa imetimia, hapana funda la maji, hapana kibuyu, hapana sheria ya Kidari wala ya mbinguni iliyomkataza. Ulimi ulikuwa huru, umepumzika vizuri, mkali kuliko siku zote. Domitila akatazama ndani ya kile kitambaa cheupe. Mtoto alikuwa macho, na alikuwa na paji la uso la Domitila mwenyewe, na mdomo wake, ule ule, umekunjwa kama unaotafuta neno.

Domitila akafungua kinywa. Renalda akaivuta pumzi yake, tayari.

Kikatoka kigelegele.

Kilianzia chini tumboni, kikapanda, ulimi ukakipokea, ukakirusha huku na huku kama ulivyoumbwa kufanya. Kikapita juu ya mapaa, kikazikuta kengele zikilia kikazipita, mbwa wakasimama, wanawake waliokuwa jikoni wakakipokea bila kujua kimeanzia wapi, wakakirudisha, naye akakiongeza. Kila neno alilolimeza tangu majivu lilitoka mle, na hakuna hata moja lililomgusa mtu vibaya. Renalda alingoja kiishe ili ajibu. Hakikuisha. Akangoja tena. Mwishowe mdomo wake ukaanza kumponyoka pembeni, akacheka, akacheka huku machozi yanamtoka, akashuka kile kizingiti, akamweka mtoto mikononi mwa bibi yake.

"Haya mama, umeshinda," akasema.

Domitila hakumjibu. Alimwachia hilo neno, liwe lake. Yeye mikono ilikuwa imejaa.